Vifaa vya bure vipo, Mwanza tunakosa meza na mtu wa kumuuliza

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Mwanza. Wiki mbili zilizopita mlitoa barua ya msomaji mmoja aliyesema vijana wa Kanda ya Ziwa hawana kisingizio cha kutotengeneza apu za simu maana kila kitu kipo bure mtandaoni, shida yao ni kushinda wakibeti na kuangalia video. Nimeisoma ile barua mara tatu pale kibandani kwangu, kila nikimaliza simu ya mteja naichukua tena, mwisho nikasema ngoja nijibu, maana nusu ya alichosema ni kweli kabisa na nusu iliyobaki ndo inayotuumiza huku.

Mi ni fundi simu, mwanamke, nina meza yangu Makoroboi mwaka wa nane sasa. Mchana nabadilisha vioo na sistimu chaji, usiku naandika apu za Android. Sijasomea chuo. Nimejifunza kwa hizo hizo vitu za bure anazozisema, kwahiyo naomba asinielewe vibaya, nazijua na nazishukuru.

Tuanze na alipopatia. Android Studio, ile programu kubwa ya kutengenezea apu za Android, ni bure. Google waliitangaza 2013 na toleo la kwanza kamili likatoka Desemba 2014, kabla ya hapo watu walikuwa wanahangaika na programu nyingine inaitwa Eclipse. Kotlin, lugha ya kuandikia apu, nayo bure, walioitengeneza ni JetBrains, na Google wakaikubali rasmi kwenye Android mwaka 2017, miaka miwili baadae wakasema ndo lugha ya kwanza wanayoipendekeza. Ukitaka kuandika mara moja apu ifanye kazi Android na iPhone kuna Flutter, toleo la kwanza Desemba 2018, bure pia. Masomo yapo, Google wenyewe wana kozi nzima ya kuanzia sifuri mpaka apu inayosimama, freeCodeCamp wapo tangu 2014 hawatozi hata senti, na ukikwama Stack Overflow, mtandao wa maswali na majibu ya koding, ina majibu ya miaka zaidi ya 15. Kuweka apu Play Store unalipa dola 25 mara moja tu, basi. Ukilinganisha na Apple wao ni dola 99 kila mwaka alafu lazima uwe na kompyuta ya Mac, kwahiyo kwa mtu wa Makoroboi njia ni Android tu na ni njia nzuri maana hata wateja wetu simu zao ni hizo.

Sasa njoo kwenye nusu ya pili.

Laptopu yangu ya kwanza ilikuwa ya mtumba, ramu GB 4. Android Studio inaomba kuanzia 8, na wenyewe wanapendekeza zaidi ya hapo. Nikaishusha hivyo hivyo, faili la kuanzia tu limezidi GB 1, nikafurahi nikajua kazi imeisha, kumbe ndo inaanza. Ukiifungua inaanza kushusha vitu vingine vya kujengea, alafu kuna kitu kinaitwa Gradle ambacho ndo kinaijenga apu, hicho kila ukianza mradi kinaenda mtandaoni kutafuta maktaba za koding zinazohitajika, yaani vipande vya programu walivyokwisha kuviandika wengine, kinashusha moja, ile moja inadai nyingine tatu, zile tatu zinadai nyingine, wewe unaangalia tu mstari unatembea na bando linayeyuka. Alafu nikaambiwa na video niliyokuwa nafuata kwamba lazima niweke emuleta, ile simu ya bandia ndani ya kompyuta, faili lake nalo ni GB nzima na zaidi, lilifika robo tatu bando la wiki likakata, kesho yake nimenunua lingine likaanza upya kutoka mwanzo. Mwaka ule nilitumia hela nyingi kwenye bando kuliko nilizotumia kwenye vioo vya dukani, nasema kweli. Na emuleta yenyewe ilipokubali ile laptopu iliganda mpaka nikaizima kwa kushikilia batani.

Niliteseka hivyo miezi minne.

Siku moja akaja kijana mwanafunzi wa chuo kimoja upande wa Nyegezi, kioo kimepasuka. Ananisubiria akaona laptopu yangu imefunguliwa akauliza dada fundi na wewe unaandika apu? Nikamwambia najaribu lakini mashine haitaki. Akacheka kidogo akasema achana na emuleta dada, chukua simu yoyote ya Android, ingia kwenye mipangilio mpaka kwenye taarifa za simu, pale palipoandikwa namba ya toleo gonga mara saba, itakwambia umekuwa developa, yaani mtengeneza apu, washa sehemu ya kudibagi (kutafuta makosa ya apu) kwa USB, chomeka waya, apu yako itafunguka kwenye simu yenyewe halisi. Na kama simu ni Android 11 kwenda juu hata waya hauhitaji, inaunganika kwa waifai. Alafu akanionyesha sehemu kwenye Gradle ya kuiambia isiende mtandaoni, itumie vilivyokwisha kushushwa. Basi. Dakika tano amesimama, kioo chake hata sijakimaliza kubandika.

Mi simu ninazo! Nina droo nzima ya simu ambazo wenyewe hawajarudi kuzichukua na zangu za spea, mimi ni mtu wa mwisho Mwanza nzima kuhitaji simu ya bandia. Lakini hakukuwa na mtu wa kuniambia, na kwenye video yule mwalimu yuko kwake na kompyuta ya ramu 32 na waifai isiyopimwa, hawezi kujua mi nakwama wapi, hata hilo swali halimjii kichwani.

Ndo maana nasema Mhariri, kitu kuwa bure mtandaoni ni jambo moja, kukifikia ni jambo lingine. Yule msomaji wenu amehesabu bei ya programu hakuhesabu bei ya njia ya kuifikia.

Watu watasema magrupu yapo. Ni kweli yapo, ya WhatsApp na Telegram, nipo kwenye manne. Kinachotokea ni hiki: mtu anapiga picha skrini ya laptopu kwa simu, picha ina mwanga wa dirisha, anaandika "wakuu nisaidieni", anakaa kusubiri, saa tatu baadae mmoja anamjibu kagugo, yaani katafute Google. Sio kwamba watu wana roho mbaya, mtu akiwa na bando la usiku na kazi yake mwenyewe hawezi kuanza kukuuliza umefanya nini kabla ya hapo, umebadilisha faili gani, maandishi ya ero, ule ujumbe wa kosa, yanasemaje. Kuuliza swali la koding ni ufundi wenyewe na lazima mtu akufundishe, unakili ero kama ilivyo usiipige picha, unaonyesha kipande kidogo kinacholeta shida sio faili zima, unasema ulitegemea nini ukapata nini. Mi wateja wangu nao wananifanyia hivyo hivyo, "dada simu imezima tu", ukiuliza ilianguka kwenye maji? hapana, ukiifungua samaki anaweza kuishi mle ndani. Akikaa mbele yako lakini utamuuliza taratibu mpaka aseme.

Alafu kuna lugha. Ninae binti mmoja namfundisha, kamaliza form four, kichwa chake ni cha moto ananizidi mimi, lakini ero ikitokea kwa Kingereza anaogopa anaifunga. Tukakaa tukaanza kuzitafsiri kwenye daftari moja moja, "hapa kinasema ulikiita kitu ambacho hakipo", "hapa kinasema umemwomba namba ukampa maneno", baada ya mwezi haogopi tena. Hamna muujiza hapo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishatoa programu za ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, tangu 2004, kwahiyo maneno yapo na yakikosekana tunayatengeneza. Na kwenye Android yenyewe kuifanya apu izungumze Kiswahili ni kazi ndogo, maneno yote ya apu unayaweka faili moja, alafu unatengeneza folda nyingine ya values-sw unaweka hayo maneno kwa Kiswahili, simu ikiwa imewekwa Kiswahili inachukua yenyewe. Ila hapo napo kuna vitu hakuna video itakayokufundisha. Saa kwa mfano. Simu ikiandika 7:00 asubuhi mama wa sokoni anasoma saa moja na yuko sahihi, sasa wewe ukiweka kengele ya kumkumbusha na ukamwandikia "saa 7" kwa maneno umempoteza, atakuja mchana. Hili nimelijifunza kwa kugombezwa.

Aliyenigombeza ni mama mdogo, anafanya biashara ya dagaa Mwaloni pale Kirumba. Apu yangu ya kwanza ya maana nilimtengenezea yeye, ya madeni, nani kachukua ndoo ngapi, kalipa ngapi, kabakiza ngapi. Haihitaji bando kabisa, kila kitu kinakaa kwenye simu yake kwa SQLite, programu ya kutunzia kumbukumbu ambayo tayari imo ndani ya kila simu ya Android. Akaipenda, wenzake wakaitaka, nikawa nawatumia kwa Bluetooth simu kwa simu, nikaona sasa niiweke Play Store iwe rasmi, hasa nilivyosikia Google wametangaza Agosti 2025 kwamba huko mbele hata apu za kutumiana mkononi lazima aliyezitengeneza awe amejitambulisha kwao, wanaanza na nchi nne Septemba 2026 alafu kwingine kuanzia 2027.

Hapa naomba nikae kidogo maana nataka yule msomaji aone.

Ukiwa na akaunti binafsi ya Play Store uliyofungua baada ya tarehe 13 Novemba 2023, Google hawakuruhusu kutoa apu kwa watu wote mpaka kwanza uijaribishe kwa kundi la watu. Mwanzo walitaka watu 20, Desemba 2024 wakapunguza wakawa 12, wakae kwenye jaribio siku 14 mfululizo. Unaposoma hivyo unaona rahisi, watu 12 tu. Nikaenda Mwaloni na daftari. Kila mtu wa kujaribu lazima awe na akaunti ya Google kwenye simu yake, anabonyeza linki ya mwaliko anakubali. Mama wa kwanza, mama mkubwa mmoja wa heshima zake, nikamwamkia shikamoo nikamwomba simu, akaunti ipo ila paswedi haijui, aliyemfungulia ni muuza duka siku aliyonunua. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu, wa nne na wa tano nikakuta simu zao zote tatu zina akaunti ileile moja, ya muuza duka mwenyewe, alikuwa anaweka yake kila simu anayouza ili mteja aondoke haraka. Kwa Google hao wote watatu ni mtu mmoja. Nikakaa pale siku mbili nafungulia watu akaunti mpya moja moja, namwandikia kila mmoja paswedi kwenye karatasi aikunje aweke kwenye pochi ya hela, na katikati ya kazi mtu anaitwa gari la mzigo limefika anaondoka na simu yake.

Nikapata 13. Nikaanza kuhesabu siku. Sasa dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wanapumzika, mzigo unapungua na akina mama wengi wanarudi nyumbani, wengine visiwani huko, simu inazimwa au anapewa mtoto. Siku zangu 14 zikaangukia hapo katikati. Mmoja alibadilisha simu, mwingine mtoto wake alitoa akaunti akaweka ya kwake ya gemu, nikabaki na 11, na 11 sio 12, nikaanza upya. Mara ya pili nikasubiri giza liingie ndo nikaanza, nikaandikisha watu 16 ili hata wakipungua nibaki salama, na kila siku jioni napita kuwauliza leo umeandika nini, wapi umekwama, maana ukimaliza Google wanakuuliza waliijaribu vipi na walisema nini na wewe ulirekebisha nini. Ikapita. Na kwa kweli ile ya pili apu ilikuwa bora sana, lile la saa ndo lilitokea hapo, na mama mdogo akaniambia "mwanangu, hii simu inaniuliza jina la pili la mteja, mi namjua kwa jina la mtoto wake", nikaondoa jina la pili nikaweka sehemu ya kuandika chochote.

Yaani sheria yenyewe naielewa, kuna takataka nyingi kwenye Play Store. Lakini mtu ambaye anakaa chumba kimoja na madevelopa wengine 20 anawapata hao watu 12 kwa nusu saa, leo unanijaribia mimi kesho nakujaribia wewe. Mi peke yangu ilinichukua karibu miezi miwili. Na bado kulikuwa na fomu ya kueleza apu inachukua taarifa gani za watu, na hapa nchini kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, mi nimeweka majina na namba za wadaiwa wa watu, nikalala macho kuwaza kama nimekosea, sikuwa na mtu wa kumuuliza hata mmoja. Nilifanya nilichokielewa, nikaweka apu isitume kitu chochote nje ya simu.

Wenzetu wanavyo vyumba. Nairobi walifungua iHub 2010, watu wakakaa pale na laptopu zao na intaneti nzuri. Dar wana Buni chini ya COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, pale Sayansi. Nawapongeza kwa moyo mweupe, ila kutoka hapa mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,000, hamna fundi atakayefunga meza kwenda kuuliza swali la Gradle. Huku kwetu zinakujaga semina. Watu wanakuja siku mbili, hotelini, tisheti, cheti, picha ya pamoja, mafunzo yanaanza na historia ya teknolojia mpaka mchana, siku ya pili kabla hata watu hawajamaliza kusakinisha Android Studio maana waifai ya ukumbi imelemewa na watu wote wanashusha faili lilelile kwa wakati mmoja, muda umeisha. Nimehudhuria mbili. Vyeti ninavyo. Kwenye ile ya pili binti mmoja alitoka Ukerewe kwa meli, amekuja na laptopu ya kaka yake, akarudi nayo ikiwa na faili lililoshuka nusu.

Kwahiyo ninachoomba ni chumba kimoja hapa mjini, cha kudumu. Jengo jipya halihitajiki. Maktaba ya mkoa inaweza, au darasa moja la chuo chochote kati ya hivi tulivyonavyo, VETA Nyakato, CBE, DIT, SAUT, vyuo tunavyo Mhariri tumebarikiwa, na madarasa jioni yanakaa matupu. Meza, viti, soketi za kutosha, betri ya kushikilia ruta na mashine moja umeme ukikata.

Hiyo mashine moja ndo roho ya chumba na nataka niieleze vizuri maana watu wakisikia "kituo cha teknolojia" wanawaza mamilioni. Ni kompyuta ya kawaida yenye diski kubwa ya kuhifadhia. Ndani yake unaweka Android Studio ya Windows na ya Linux, unaweka Flutter, mtu akija ananakili kwa flashi au kwa waya dakika chache, hakuna tena kushusha GB kwa bando la kupima. Alafu unaweka programu kama Nexus, ipo toleo la bure, kazi yake ni kukaa katikati ya Gradle na mtandao: mtu wa kwanza akihitaji maktaba fulani ya koding inashushwa mara moja inatunzwa, wa pili mpaka wa mia wanaichukua hapo hapo ndani bila kutoka nje. Alafu unaweka Kiwix, inasoma nakala za mitandao mizima bila intaneti, Wikipedia, na Stack Overflow yote inakuja kama faili moja la makumi ya GB, unaishusha mara moja usiku watu wote wa chumba wanatafuta majibu bure. Na video za kozi zilizoruhusiwa kusambazwa. Mtu wa Ukerewe au Kome akija mara moja kwa mwezi na diski yake anaondoka na kila kitu cha mwezi mzima, na Sengerema sasa hivi tangu daraja la Kigongo na Busisi lifunguliwe Juni 2025 mtu anafika bila kusubiri kivuko.

Na watu. Hapa ndo pazito kuliko mashine. Kila jioni awepo mtu mmoja anayejua, sio profesa, mtu aliyeshawahi kutoa apu hata moja, akae tu, kazi yake kujibu na kuuliza. Tukiwa 10 ni siku mbili au tatu za mwezi kwa kila mmoja, haimuumizi mtu. Vitu hivi pia haviishi ukajua mara moja ukatulia, kila mwaka Google wanasogeza toleo ambalo apu lazima ilenge, kuanzia tarehe 31 Agosti 2025 ilikuwa Android 15, nikakaa usiku wa manane nabadilisha apu ya mama mdogo kwa sababu hilo tangazo nililiona kwa bahati tu, lilikuwa kwenye barua pepe za matangazo. Kwenye chumba mmoja akiliona wote wamelijua.

Muda nao uangaliwe kwa ajili ya wasichana. Kikiwekwa saa moja usiku mpaka saa nne watakuja wanaume tu, binti wa Igoma au Buhongwa hatapanda daladala saa nne usiku na laptopu begani na mama yake hatamruhusu na yuko sahihi. Saa tisa mpaka saa kumi na mbili jioni, na Jumamosi kutwa, hapo watakuja. Nimeliandika hili maana kwenye zile semina zote mbili tulikuwa wanawake watatu, na mmoja alikuwa wa kuandika majina mlangoni.

Yule msomaji wenu nina imani nae, mtu anayekasirika vile anajali. Kama yupo Mwanza namkaribisha Makoroboi aje akae na yule binti wangu saa moja tu amwone anavyofanya kazi, anaandikia simu yenye ramu GB 2 kwa sababu ndo simu walizonazo majirani zake, kila picha anaibana iwe ndogo, kila kitu anakijaribu akiwa amezima data. Hajawahi kubeti.

Mimi ninatoa diski yangu ya TB 1, nimeshaanza kuijaza usiku usiku, Android Studio ipo, Flutter ipo, Stack Overflow imefika nusu. Natoa pia simu 9 za kujaribishia, za matoleo tofauti kuanzia Android 8 mpaka 14, zote ni spea zangu, nimezifuta nimezisafisha zinawaka. Na jioni zangu mbili za wiki, Jumanne na Alhamisi. Mwenye chumba ajitokeze kupitia gazeti lako, namba yangu mnayo ndo hii niliyotumia kutuma barua, hata kikiwa cha kuazima miezi mitatu tu tutahamia hapo hapo kesho yake.

Dada Fundi,
Makoroboi, Mwanza